Shokapu ngumu siyo ushujaa, mgongo wa dereva siyo springi

MASHABIKI wa soka wana neno moja wanalolitoa haraka kuliko mwamuzi anavyotoa kadi ya njano: anadeka. Winga akikaa chini ameshika nyama za paja, jukwaani wanasema anadeka. Kipa akiomba daktari baada ya kugongwa kichwa, anadeka huyo, anapoteza muda. Juni 12, 2022, neno hilo lilitoka kwenye soka likamfuata dereva wa magari ya mbio, Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba wa Formula 1.

Siku hiyo mjini Baku, Azerbaijan, Hamilton alimaliza mbio akiwa wa nne. Gari liliposimama hakuruka nje kama kawaida yake. Alijiinua taratibu, akashika mgongo, akatoka kama mzee anayeshuka kwenye daladala baada ya kusimama kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Alikuwa na miaka 37 tu. Bosi wake, Toto Wolff, alishamwomba radhi kwenye redio kwa gari alilompa. Lakini mwenzake wa Mercedes, George Russell, alimaliza wa tatu kwa gari la aina hiyohiyo. Basi kwa wengi hesabu ikaishia hapo: kama Russell kaweza, huyu ana nini? Anaigiza.

Hesabu hiyo ni ya uongo. Kilichotokea Baku hakikuwa habari ya mwanaume aliyeshindwa kuvumilia. Ilikuwa habari ya gari lililoshushwa na kukazwa kupita kiasi, na ya wataalamu waliopiga hesabu zao za sekunde, kisha wakaacha uti wa mgongo wa dereva ufanye kazi ya shokapu. Na shabiki wa soka, ambaye si mgeni wa habari za mchezaji kuchomwa sindano ya kuua maumivu ili amalize dakika 90, ana sababu ya kuielewa habari hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

KWA NINI GARI LILIDUNDA

Chini ya gari lolote, liwe Vitz ya kubebea watoto wa shule au Ferrari, kuna vitu viwili vinavyocheza kwa kuelewana kama namba sita na namba nane. Cha kwanza ni springi. Yenyewe inabeba uzito wa gari na kupokea mashimo: tairi likipanda inajikunja, likishuka inajikunjua. Tatizo la springi ni kwamba ikishaanza kucheza haijui kuacha. Hapo ndipo inapoingia shokapu. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto, gari linatulia. Gari ambalo shokapu zimekufa utalijua tu, likipita tuta linaendelea kunesanesa hadi mbele ya duka la tatu.

Ukitaka raha, unaweka springi laini na shokapu isiyobana sana. Gari litapita shimoni kwa upole, lakini kwenye kona litalala na ukikanyaga breki pua itainama. Ukitaka kona za haraka, unakaza. Gari linasimama imara, ila kila kokoto unalihisi kiunoni. Kila fundi wa magari duniani anaishi katikati ya mizani hiyo, na kazi yake ni kutafuta mahali pa kusimama.

Mwaka 2022 kanuni mpya za Formula 1 ziliusukuma mzani huo upande mmoja. Magari yaliruhusiwa tena kutumia sakafu yenye mifereji, kitu kilichokuwa kimezimwa tangu mwaka 1983. Hewa ikipita kwa kasi chini ya sakafu hiyo, mgandamizo wake unashuka na gari linanyonywa kuelekea kwenye lami. Sakafu ikikaribia lami, linanyonywa zaidi. Likinyonywa zaidi, linapita kona kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kila timu ilitaka gari lake litambae chini kabisa, na ili lisijigonge chini, springi zikakazwa kama nondo.

Kanuni hizohizo ziliondoa baadhi ya vifaa vilivyokuwa vikisaidia kutuliza mtikisiko ndani ya mfumo wa springi. Matairi nayo yalihama kutoka rimu za inchi 13 kwenda inchi 18, maana yake ule mpira wa pembeni uliokuwa ukimeza sehemu ya mdundo ukapungua. Kila mlango wa kutokea maumivu ukafungwa.

Matokeo yakaonekana mapema, kwenye majaribio kabla ya msimu. Gari likifika mwendo mkubwa linanyonywa chini, sakafu inaikaribia lami mno, hewa inakabwa, mnyonyo unakatika na gari linaruka juu. Likisharuka, hewa inapita tena, linanyonywa tena, mnyonyo unakatika tena. Mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Wenyewe waliufananisha mtindo huo na mruko wa wanyama wa jamii ya pomboo, na aliyewahi kupanda boti kwenda kuwaangalia kule Kizimkazi anaijua picha hiyo: juu, chini, juu, chini. Tofauti ni kwamba pomboo anafanya kwa raha zake.

Baku ilikuwa mahali pabaya zaidi pa kufanyia mchezo huo. Ni mbio za barabara za mjini, zenye viraka na mawimbi ya lami, na kuna sehemu moja ndefu ya zaidi ya kilomita mbili ambako madereva wanakanyaga mafuta mpaka mwisho. Zaidi ya kilomita 300 kwa saa, kichwa kikigongwa kulia na kushoto ndani ya helmeti, kiti kigumu kikimpiga dereva kutokea chini, kwa mizunguko 51. Halafu anashuka, mtu aliyekaa kwenye kochi anamwambia anadeka.

HOJA YA RED BULL ILIKUWA NA NGUVU, LAKINI

Wapinzani wa Mercedes hawakukaa kimya. Christian Horner, aliyekuwa bosi wa Red Bull wakati huo, alitoa jibu rahisi: kama gari lenu linadunda, liinueni. Hakuna aliyewakataza. Aliongeza kwamba yeye angekuwa kwenye nafasi yao angewaambia madereva wake walalamike kwenye redio kadiri wawezavyo, maana yake malalamiko yale yalikuwa mbinu ya kutafuta sheria ya kuwabeba.

Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Kwenye soka, kocha mwenye mabeki wazito akiwapandisha hadi mstari wa katikati, halafu kila wiki anafungwa kwa mipira inayopigwa nyuma yao, hawezi kwenda kuomba sheria ya kuotea ibadilishwe. Awashushe mabeki wake. Mercedes walichora gari lililopenda kukaa chini sana, wakakosea, na kosa lile lilikuwa lao. Red Bull, wakiwa na Adrian Newey aliyeanza kusoma tabia ya hewa chini ya gari tangu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Southampton, walijenga gari lililotulia kuliko mengi. Kwa nini waadhibiwe kwa kujua kazi?

Lakini hoja hiyo inavuja sehemu tatu.

Kwanza, hawakulalamika Mercedes peke yao. Carlos Sainz alikuwa Ferrari, timu iliyokuwa ikipigania ushindi, na alisema jambo hilo liangaliwe kwa ajili ya afya ya madereva. Pierre Gasly aliyemaliza wa tano palepale Baku naye alizungumzia afya yake. Huyu alikuwa AlphaTauri, timu ya mmiliki uleule wa Red Bull. Huwezi kusema Gasly alitumwa na Wolff.

Pili, anayeamua urefu wa gari siyo mwenye mgongo. Mezani kuna mhandisi anayeona kwamba gari likipanda milimita kadhaa, muda nao unapotea. Na mbaya zaidi, ukimuuliza dereva mwenyewe Jumamosi kabla ya kupanga nafasi za kuanzia, atakwambia lishushe. Ni mshindani. Hilo halina tofauti na kumuuliza mshambuliaji saa moja kabla ya fainali kama goti linauma. Atasema haliumi, hata kama limevimba kama embe dodo. Timu ya kwanza kuinua gari kwa huruma inajua itapitwa na ya pili isiyo na huruma. Ndiyo maana kuna mambo hayawezi kuachwa kwa timu wala kwa mchezaji. Yanahitaji mwamuzi.

Tatu, maumivu hayakuwa ya dereva peke yake. Mtu anayetikiswa kiasi kile hauoni vizuri mstari wa kukanyagia breki. Gari likidunda, tairi nalo linapoteza mshiko wa lami kwa vipande vya sekunde. Russell, ambaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha madereva, alionya kwamba ajali kubwa ilikuwa inasubiri muda wake. Aliyemaliza wa tatu ndiye aliyesema hivyo. Wale waliomtumia Russell kama fimbo ya kumchapia Hamilton hawakumsikiliza Russell mwenyewe.

MWAMUZI AKAPULIZA FILIMBI

Wiki iliyofuata, kabla ya mbio za Canada, shirikisho la mchezo huo, FIA, lilitoa agizo. Mtikisiko wa kwenda juu na chini utapimwa kwenye kila gari, kutakuwa na kikomo, na atakayekivuka atalazimika kurekebisha gari lake. Agizo hilo lilianza kufanya kazi rasmi kwenye mbio za Ubelgiji mwishoni mwa Agosti. Kwa msimu wa 2023 kanuni zikaenda mbele zaidi: kingo za sakafu zikainuliwa kwa milimita 15.

Kelele zilikuwa nyingi. Wamependelewa, walisema. Sheria inabadilishwa katikati ya msimu ili kumuokoa mkubwa aliyeanguka. Kisha ikaja Ubelgiji yenyewe, mbio za kwanza chini ya agizo hilo. Max Verstappen wa Red Bull alianza akiwa nafasi ya 14 na akashinda. Mercedes, waliodaiwa kubebwa, walishinda mbio moja tu msimu mzima, Brazil mwezi Novemba, Russell wa kwanza na Hamilton wa pili.

Somo ni jepesi. Aliyefunga gari vizuri hakupoteza chochote. Bingwa alibaki bingwa. Kilichoondoka ni ule ulazima wa kila dereva kulipia kosa la mhandisi kwa pingili za mgongo wake.

Na huyo aliyesemwa anadeka? Siku saba baada ya Baku alikwenda Montreal, akaendesha, akamaliza wa tatu na kupanda jukwaani.

Mashabiki wa soka waliwahi kuona mechi hiyohiyo kwenye uwanja wao. Juni 13, 2022, siku moja tu baada ya Baku, bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, ilikutana Doha na kuidhinisha wachezaji watano wa akiba kuwa sheria ya kudumu. Kabla ya hapo Ligi Kuu ya England ilikaa misimu miwili ikirudi kwenye wachezaji watatu, kwa sababu baadhi ya klabu zilisema watano watazinufaisha timu kubwa zenye benchi refu. Jürgen Klopp na Pep Guardiola wakawa wanapiga kelele kuhusu miili ya wachezaji, na wao pia wakaambiwa wanatafuta faida. Huenda walikuwa wanaitafuta. Lakini nyama za paja zilizokuwa zinachanika zilikuwa za kweli. Mtu anaweza kuwa na maslahi yake na bado akawa anasema ukweli.

ULAINI UMESHINDA MAKOMBE

Kuna watu wanaoamini kwamba raha na kasi ni maadui, ukichagua hii umeikosa ile. Historia ya mbio za magari inawakatalia.

Mwaka 1981, enzi zile za kwanza za sakafu za kunyonya, magari yalikuwa magumu kiasi kwamba madereva walikuwa wakiteswa na kila wimbi la lami. Colin Chapman wa Lotus akaja na gari lililoitwa Lotus 88. Lilikuwa kama magari mawili ndani ya moja: bodi la nje lilipokea nguvu ya hewa na kuipeleka moja kwa moja kwenye matairi, na la ndani, alimokaa dereva, likawa na springi zake laini zaidi. Gari linyonywe linavyotaka, dereva akae kwa amani. Wapinzani walilipinga na likapigwa marufuku kabla ya kuanza mbio hata moja ya Grand Prix. Hakuna anayehangaika kukataza kitu anachoamini kitashindwa.

Mwaka 1992 Williams walikuja na FW14B. Badala ya springi kuachwa zipambane peke yake, kompyuta na mitambo ya mafuta ilipandisha na kushusha kila kona ya gari ili sakafu ibaki kwenye urefu uleule, iwe kwenye tuta, kona au breki. Nigel Mansell alishinda mbio tano za kwanza mfululizo, akashinda tisa kati ya 16, na akatwaa ubingwa Hungary mwezi Agosti zikiwa zimebaki mbio tano. Mwaka uliofuata Alain Prost akachukua ubingwa akiwa na Williams yenye teknolojia hiyohiyo. Kuanzia 1994 ikazuiwa. Gari lililotulia kuliko yote ndilo lililokuwa na kasi kuliko yote.

Na kama mifano ya Ulaya iko mbali, Naivasha ni jirani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19. Magari yanayokwenda pale huinuliwa, springi na shokapu hupewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa sababu mawe na vumbi laini la Bonde la Ufa havijali jina lako. Mwaka huohuo wa 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja. Hatua ya kwanza tu ya asubuhi, mguu wa nyuma wa gari lake ukavunjika, shokapu ikamsaliti, kwaheri. Sébastien Ogier wa Toyota akabeba kombe. Mwaka 2022 na 2023 Toyota walishika nafasi ya kwanza hadi ya nne, mara zote mbili. Pale anashinda anayejua kwamba gari lazima likubaliane na barabara, maana barabara haitakubaliana na gari.

MTAANI NAKO MAMBO NI YALEYALE

Ugonjwa wa Baku umeingia mtaani, tena bila wahandisi. Kijana anapata Subaru au Mark X yake, kitu cha kwanza siyo matairi wala breki. Ni kuishusha. Anayeweza hununua seti ya shokapu za kurekebishika. Asiyeweza hupeleka springi zikakatwe kwa grenda. Kisha anafunga rimu kubwa na tairi jembamba kama mkanda wa suruali, anakaza kila kinachokazika, na gari linaanza kuruka kwenye rasta kama mbuzi aliyekanyaga moto.

Wachezaji nao hawako mbali. Mtu ambaye ajira yake ni mgongo, nyonga na nyama za paja anatoka mazoezini na misuli iliyochoka, anaingia kwenye gari la michezo lililokazwa kama la Baku, anapigwa matuta saa nzima kwenye foleni. Kesho anaamka kiuno kimekaza, anamlaumu kocha wa viungo. Mchezaji huyohuyo hawezi kuvaa daluga za meno marefu ya chuma kwenye kiwanja kikavu cha changarawe, kwa sababu anajua miguu itaungua. Daluga anachagua kwa kuangalia kiwanja. Gari je?

Springi iliyokatwa ni ya kuogopwa kuliko zote. Watu wengi hawajui kwamba ukipunguza mizunguko ya springi, iliyobaki inakuwa ngumu zaidi. Papo hapo umeipunguzia safari, kwa hiyo shimo la kawaida tu linaifikisha mwisho na gari linagonga mpira wa kuzuia. Na ikiwa fupi mno, gurudumu likining'inia springi inaweza kuchezea au kutoka kwenye kiti chake. Hapo haliongelewi suala la raha tena, linaongelewa suala la abiria wanne na lori linalokuja mbele.

Dawa ipo na haihitaji kompyuta ya Williams. Jambo la kwanza ni upepo. Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, na wengi wanajaza kwa kukadiria. Kipimo kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, hata kama maandishi ni ya Kijapani namba zinasomeka. La pili ni bushi. Bushi zikiisha, utageuza shokapu mpaka mkono uchoke na gari litaendelea kugonga. La tatu ni urefu. Inua gari hadi springi ipate nafasi ya kufanya kazi, kwa sababu shokapu isiyo na nafasi ya kutembea haiwezi kuwa laini hata ikiwa ya bei gani.

Baada ya hapo ndipo unashika kile kichwa kidogo cha kuzungusha kwenye shokapu za kurekebishika, kinacholia tik kila kikigeuzwa. Wengi wakikiona tu wanakikaza hadi mwisho, wakidhani mwisho ndiyo mbio. Sivyo. Kwenye barabara mbovu shokapu iliyobana sana inalizuia tairi kuifuata barabara. Linaruka juu ya bonde badala ya kushuka nalo, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Zipo shokapu zenye marekebisho mawili, moja la kujikunja na moja la kujikunjua. Ukibana sana la kujikunjua, gari likipita mawimbi yanayofuatana springi haiwahi kurudi, kila wimbi linalishusha zaidi mpaka linakaa chini kabisa. Ukilegeza sana, gari linaelea kama jahazi kwenye pepo za kusi.

Njia ya mafundi wanaojiheshimu ni ya subira. Anzia kwenye ulaini, siyo kwenye ugumu. Hesabu milio na uiandike. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kulia na kushoto sawasawa, kisha pita barabara ileile, mwendo uleule. Kaza mlio mmoja mmoja hadi gari likipita tuta lipande, lishuke, litulie. Likifika hapo, acha. Maliza kwa kupima mlalo wa matairi, maana ukigusa urefu wa gari mlalo nao umehama. Kazi hiyo inakula mchana mmoja na haina sifa kijiweni, kwa sababu gari linaonekana la kawaida. Lakini likiingia kona yenye viraka litamuacha lile lililokatwa springi likitafuta lami.

KAZI YA SHABIKI

Haya yote yangekuwa mambo ya gereji kama yasingekuwa na shabiki ndani yake. Timu zinakaza magari kwa sababu ya ushindi, lakini zinathubutu kumkaza na dereva kwa sababu zinajua jukwaa litamcheka akilalamika. Kijana anakata springi kwa sababu kijiweni atasifiwa. Beki anaendelea kucheza akiwa haoni vizuri baada ya kugongana vichwa kwa sababu akitoka ataitwa mlaini. Soka nalo limechelewa hapo: majaribio ya mabadiliko ya ziada kwa aliyeumia kichwa yalianza 2021, na hadi 2024 ndipo yakaingia kwenye sheria kama chaguo la kila mashindano. Miaka yote hiyo kabla yake, uamuzi ulikuwa umebebwa na mtu aliyekuwa ametoka kugongwa kichwa.

Wapo wanaoigiza, hilo halina ubishi. Soka lina wachezaji wanaoanguka kwa upepo wa jezi ya mpinzani, na mashabiki wana haki ya kuwazomea. Lakini mwigizaji anakamatwa kwa kupima, siyo kwa kuzomea kila mtu. FIA walipima. Waliweka kifaa kwenye gari, wakasoma namba, mjadala wa nani anadeka ukafa wenyewe. Vivyo hivyo daktari wa timu akipewa mamlaka ya kumtoa mchezaji bila kumuomba kocha ruhusa, mwigizaji atajulikana na mgonjwa ataokolewa.

Hamilton alikuwa na mataji saba siku anatoka kwenye gari ameshika kiuno. Kama mtu mwenye mataji saba anaweza kuitwa mlaini kwa kusema mgongo unamuuma, kijana wa ligi daraja la kwanza ambaye hana hata mkataba wa maana atasema kwa nani? Atanyamaza, atakaza, atacheza. Na akivunjika, walewale waliomwambia anadeka watauliza kwa nini hakusema mapema.